Vitz ya mama mdogo: themostati iliyotolewa na feni iliyochoka

Simu ya mama mdogo iliingia Jumamosi, saa nne na nusu asubuhi. Yuko Manzese, foleni imekaza, taa nyekundu imewaka na mvuke unatoka mbele. Nikamuuliza kwanza kama ameshafungua boneti. Hajafungua. Amesogeza gari pembeni, amezima, ameshuka, na vijana wa pale wanamhimiza wafungue rejeta, ile inayopoza maji ya injini, wamwagie maji. "Mama, mfuniko wa rejeta usiguswe na mtu, hata akija aliyevaa ovaroli," nikamwambia. Akaenda kukaa kwenye kibanda cha soda karibu saa nzima.

Naanza na hapo kwa sababu ndipo watu wanapoungua. Huku kwetu pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100, lakini mfuniko wa rejeta wenye namba 0.9 unayabana kwa presha mpaka yafikie karibu nyuzi 118 ndipo yachemke. Ukiufungua gari likiwa la moto, presha inaanguka kwa mpigo mmoja, na maji ya nyuzi 110 yaliyokuwa yametulia yanageuka mvuke hapohapo na kuruka usoni na kifuani. Kitambaa hakisaidii. Subiri mpaka bomba la juu la rejeta liminyike kwa vidole na lisiwe la moto.

Gari lenyewe ni Vitz ya 2002, ile ya umbo la kwanza lililotoka Japani mwaka 1999, injini ya 1SZ, cc 997, gia otomatiki. Kilometa 187,000 na kitu. Mama mdogo analitumia kwa biashara yake ya mapishi: alfajiri anatoka Mbezi kwenda Kariakoo kununua mahitaji, anarudi jua likiwa limepanda, gari limejaa mchele, mafuta na vitunguu. Dashibodi ya Vitz hii haina mshale wa joto. Kuna taa ya bluu injini ikiwa baridi na nyekundu joto likizidi, basi. Katikati hapo huoni chochote, na dereva anajua kuna shida wakati shida imeshafika.

Gereji ya jirani waliliangalia mchana uleule. Fundi alijaza maji, akawasha injini mfuniko ukiwa wazi, akaona mapovu yanapanda. Akasema hedi gasketi, ile shuka nyembamba inayoziba kati ya kichwa cha injini (hedi) na injini yenyewe, imeungua, hedi ishushwe, iskimiwe, yaani isawazishwe uso, gasketi mpya: laki nne na nusu. Sitamtaja wala sisemi alitaka kuiba. Mapovu ni dalili kweli ya gasketi. Ila ni dalili pia ya kitu kingine chepesi zaidi, hewa iliyoingia baada ya maji kumwagika, na kuna namna ya kuzitofautisha kabla spana haijagusa hedi. Nikamwomba mama alilete nyumbani usiku, barabara ikiwa tupu. Alifika bila taa nyekundu kuwaka hata mara moja.

Jumapili asubuhi gari lilikuwa limelala saa tisa nzima, baridi kabisa. Nikafungua mfuniko. Maji yalikuwa na rangi ya udongo mwekundu na yalikuwa chini ya shingo ya rejeta kwa kina cha vidole viwili, ilhali tanki la akiba lilikuwa limejaa mpaka mdomoni. Hilo linapaswa kumsimamisha mtu yeyote. Maji yakipata moto yanatanuka, mfuniko unayaachia kidogo yaende kwenye tanki. Yakipoa, rejeta inayanyonya kurudi kupitia kivali kidogo kilicho katikati ya mfuniko. Tanki likijaa huku rejeta inapungua, maji yanakwenda lakini hayarudi. Nikaugeuza mfuniko: mpira wake ulikuwa mgumu kama plastiki, umepasuka sehemu tatu, na kile kivali kimegandiana na kutu. Nilikivuta kwa kucha hakikutoka.

Kisha nikaiulizia gasketi habari zake. Stiki ya oili ilikuwa safi, oili nyeusi ya kawaida, haina ile rangi ya chai ya maziwa ya oili iliyoingiwa na maji. Nikachomoa plagi zote nne na kuzipanga juu ya gazeti kwa mpangilio wa silinda zake. Silinda inayonyonya maji huisafisha plagi yake kwa mvuke, unaikuta nyeupe peke yake kati ya wenzake. Hizi zote nne zilikuwa nyeusi, masizi makavu, kama zimetoka kwenye jiko moja. Nikarudisha plagi, nikajaza maji, nikawasha mfuniko ukiwa wazi. Mapovu yalipanda kweli, makubwa makubwa, na baada ya dakika kama kumi na mbili yakakoma. Nikakanyaga mafuta, hayakurudi. Gasketi iliyoungua haipumziki. Kila silinda ikiwaka inasukuma gesi kwenye maji, na mfuniko ukiwa umefungwa bomba la juu linakakamaa ndani ya dakika moja ya kuwasha, maji yakiwa bado ya baridi. Hapa, hata mfuniko ukiwa umefungwa, bomba lilikuwa laini.

Kwa hiyo hedi haikuwa na kosa. Lakini yale masizi yalinisumbua. Plagi nne nyeusi sawasawa maana yake injini nzima inapewa petroli nyingi kuliko inavyohitaji, na kompyuta huzidisha petroli ikisoma kwamba injini ni baridi. Gari linalochemsha, tena ni baridi? Nikamwita mama mdogo aliyekuwa anachambua mboga.

"Mama, ile taa ya bluu asubuhi inazimika ukifika wapi?"

"Mwanangu, siku nyingine nafika Kimara bado inawaka. Nilijua ndivyo ilivyo."

Ikiwa nzima, kwa hali ya hewa ya Dar es Salaam, taa ile inatakiwa izimike ndani ya dakika chache tu. Nikashika bomba la juu la rejeta wakati injini inaanza kupata moto. Kwa kawaida linabaki baridi dakika kadhaa, halafu ghafla linakuwa la moto pale themostati, ile vali inayofunguka kwa joto la maji, inapofunguka. Hili lilikuwa linapata uvuguvugu polepole tangu sekunde za mwanzo, na la chini vilevile. Nikazima, nikaacha lipoe, nikafungua nati mbili za kikombe cha themostati. Ndani hamkuwa na kitu. Palikuwa na uwazi, na pembeni silikoni nyeusi iliyopakwa nene kuzuia maji, vipande vyake vingine vimekatika na kwenda visikojulikana.

Hapa nitakaa kidogo. Ukipita gereji kumi za mjini utasikia maneno yaleyale: nchi yetu ni ya joto, themostati ni kitu cha wazungu, toa tupa, gari litapoa. Yanaaminika kwa sababu yanaingia akilini: toa kizuizi, maji yatapita zaidi. Tatizo ni kwamba themostati ya injini kama hii haina kazi moja.

Inakaa pale maji yanapoingia kwenye injini yakitoka bomba la chini la rejeta. Ina vali kubwa inayozuia au kuruhusu maji ya rejeta, na mkiani ina kisahani kidogo. Injini ikiwa baridi, vali kubwa imefunga na kisahani kiko wazi: maji yanazunguka ndani kwa ndani kupitia njia ya mkato, injini inapata moto haraka. Katikati ya themostati kuna kikombe cha chuma chenye nta. Joto likifika nyuzi 82 hivi, nta inavimba na kusukuma pini; vali kubwa inafunguka, na kwa mwendo huohuo kisahani kinakwenda kuziba ile njia ya mkato. Sasa maji yote yanalazimika kupita kwenye rejeta yakapoe.

Ukiitoa, umeondoa vali na umeondoa na kile kizibo. Njia ya mkato inabaki wazi daima, na maji, kama maji yoyote, hufuata njia nyepesi. Sehemu yake inakatiza ndani na kurudi kwenye injini ikiwa na moto wake uleule. Alfajiri barabara ikiwa tupu, upepo wa mwendo ni mwingi, injini haifikii joto lake na inakunywa petroli kama iliyowashwa sasa hivi: hayo ndiyo masizi. Mchana kwenye foleni, maji yanayofika kwenye rejeta hayatoshi, na joto linapanda. Gari moja linapata magonjwa mawili yanayopingana, na yote yametokana na kitu kilichotupwa ili kulisaidia.

Kariakoo nilinunua mfuniko, themostati na kulanti, yaani dawa ya maji ya kupozea injini. Kabla ya kufunga themostati yoyote mimi huipima, hata ikiwa na boksi zuri. Chukua sufuria ya zamani ambayo haitarudi jikoni. Ifungue vali kidogo kwa kucha, pitisha uzi, iache ikabane uzi wenyewe, kisha uning'inize themostati ndani ya maji isiguse chini. Washa jiko, weka kipimajoto. Vali ikifunguka inauachia uzi na themostati inaanguka. Ile ya kwanza niliyouziwa ilining'inia mpaka maji yakachemka yanaruka, nyuzi 100, haijatikisika. Ningeifunga ile, Vitz ingekufa njiani siku hiyohiyo. Muuzaji nilimwonyesha video niliyopiga kwa simu, akanibadilishia bila maneno. Ya pili iliangukia nyuzi 83, na ilipofika 95 ilikuwa wazi kabisa.

Niliisafisha njia yote ya maji kwa bomba la bustani, swichi ya hita ikiwa kwenye joto kali ili na rejeta ndogo ya ndani ipitiwe. Dar hakuna anayewasha hita, kwa hiyo uchafu wa miaka hujikusanya mle. Yalitoka maji mekundu, magamba ya kutu, na vile vipande vya silikoni. Mama alikiri kwamba kila alipoona yamepungua alijazia maji ya kisima cha nyumbani, ambayo ni ya chumvi. Chumvi ile inakula alumini ya rejeta na hedi, na madini yake yanaganda kwenye vijibomba vyembamba kama yanavyoganda kwenye birika. Ukilazimika kuchanganya kulanti nzito na maji, tumia maji ya betri yaliyosafishwa, angalia sana usichukue asidi, au maji ya mvua yaliyokingwa safi. Nusu kwa nusu inatosha. Na usome chupa: nyingi zinazouzwa zimeshachanganywa, ukiongeza maji umezidisha. Ndani ya hii ziliingia karibu lita 4. Kulanti ina ladha tamu na ni sumu kali. Mtoto au paka asiikute kwenye beseni.

Themostati niliifunga na mpira wake mpya, kile kipini chake kinachochezacheza kikiwa juu ili hewa ipate pa kutokea. Sikupaka silikoni. Nikapandisha magurudumu ya mbele kwenye mwinuko wa geti, shingo ya rejeta ikawa ndiyo sehemu ya juu kuliko zote, nikaliacha likanguruma bila kukanyaga mafuta huku najazia maji kila yalipoteremka. Bomba la juu likakaa baridi dakika saba, kisha likapata moto ghafla. Baadaye feni ikawaka, ikazima. Nikafunga mfuniko, nikanawa mikono nikiamini kazi imekwisha.

Jumanne saa tano likachemka tena. Magomeni safari hii.

Kosa lilikuwa langu na nimelitafakari sana. Nilipata jibu zuri, themostati iliyokosekana, na uzuri wa jibu lile ukanifanya nisiulize swali lingine. Feni niliiona ikizunguka mara moja, nikaihesabu kuwa nzima. Jioni ile sikugusa gari kwanza. Nilikaa na mama mdogo barazani, chai mezani, nikamwomba anieleze safari nzima ya Kariakoo tangu anawasha mpaka anazima, hata mambo anayoyaona hayahusiani. Alieleza njia, mizigo, trafiki, halafu akasema kama anayekumbuka jambo la pembeni:

"Na hiyo eesii yenyewe, kiyoyozi, nayo imechoka. Nikitembea inapoza vizuri, nikisimama foleni inatoa upepo wa moto. Nimeshajaza gesi mara mbili mwaka huu."

Kisa chote kilikuwa mle. Ile rejeta nyembamba ya eesii imekaa mbele ya rejeta ya maji, na zote mbili zinapozwa na upepo uleule. Gari likitembea, upepo unakuja wenyewe. Likisimama, anayeuleta ni feni. Eesii inayopoza barabarani na kuacha kupoza foleni mara nyingi haidai gesi, inadai upepo, na injini iliyo nyuma yake inadai kitu hichohicho. Mama alikuwa na kipimo cha feni mkononi kwa miezi kadhaa, na gereji ikamuuzia gesi mara mbili.

Tulikwenda kwenye gari na tochi. Nikawasha injini na eesii. Kwenye Vitz hii ukiwasha eesii feni inatakiwa izunguke hata injini ikiwa baridi. Kompresa, pampu ya gesi ya eesii, ilishika, tik, lakini feni ilisimama kimya. Nikachukua bisibisi ndefu, nikageuza mpini, nikagonga mgongo wa mota mara moja, si kwa nguvu. Ikashtuka, ikasitasita, ikazunguka kwa kasi yote. Mama akaweka kiganja kwenye tundu la dashibodi: "Imekuwa baridi!" Nikazima, nikawasha tena: ikawaka yenyewe. Mara ya tatu: kimya.

Mota inayoamka kwa kugongwa kaboni zake, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, zimekwisha. Siku ya pili nilitoa waya wa hasi wa betri, nikafungua feni na fremu yake, nikaitenganisha. Kaboni mpya huwa na urefu wa kama pingili ya kidole. Hizi zilibaki kama punje ya mahindi, springi zimefika mwisho wa safari, na vumbi lake jeusi limejaa kila pembe. Ikisimama mahali pazuri inashika umeme, ikisimama mahali pabaya haishiki. Ndiyo maana Jumapili ilinidanganya.

Nilinunua mota ya mtumba, tukaijaribu dukani kwa betri mara kumi, kuwasha na kuzima, kabla ya kutoa hela. Baada ya kuifunga nilipima jambo moja ambalo hata mafundi wazuri hulisahau: mwelekeo. Ukigeuza waya mbili za mota, feni inazunguka kinyume, inasukuma upepo mbele wakati gari linauleta nyuma, na unaona inazunguka unaridhika. Weka karatasi ya daftari mbele ya grili. Yetu iling'ang'ania pale kama imebandikwa.

Sasa naweza kukisia jinsi mambo yalivyoanza, na nadhani sikosei sana. Miaka iliyopita feni ilianza kukosa kuwaka siku mojamoja. Gari likachemka. Fundi fulani akatoa themostati. Kwa kuwa injini sasa ilikuwa inaanza foleni ikiwa na joto la chini kuliko zamani, ilichukua muda mrefu zaidi kufika taa nyekundu, na kila mtu akaona limepona. Kaboni zikaendelea kuisha. Maji yakapungua kidogokidogo kwa mfuniko mbovu, yakajaziwa ya chumvi, rejeta ikaanza kuziba, mpaka siku ya Manzese mambo manne yalipokutana. Hedi ingeshushwa siku ile, mama angelipa laki nne na nusu, na feni ingebaki ileile.

Kwa kuwa dashibodi haisemi, nilikuwa nimenunua kipimajoto kidogo cha miale. Alumini inayong'aa hukidanganya, kinasoma chini mno, kwa hiyo nilibandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme kwenye shingo maji yanapotokea injini na kupima hapo. Kabla ya kazi yote, baada ya safari yake ya usiku kutoka gereji, kilisoma 64. Wiki iliyofuata, baada ya safari kama hiyo, 87. Nikaliacha lisimame juani saa saba mchana, eesii imezimwa, nusu saa: lilipanda mpaka 96, feni ikawaka, likashuka 89, feni ikazima, likapanda tena. Nilikaa naangalia mizunguko sita.

Spea zote zilinigharimu shilingi 127,000, pamoja na nauli ya bajaji. Taa ya bluu inazimika kabla hajatoka mtaani kwao. Petroli ya 50,000 iliyokuwa inakwisha Alhamisi inafika Ijumaa jioni. Kwenye tanki la akiba nilichora mstari kwa kalamu ya wino siku ile nilipomaliza, na kila Jumamosi asubuhi, injini ikiwa baridi, mama mdogo ananitumia picha ya mstari huo. Jana ilikuwa ya saba. Maji yako palepale, mekundu na safi.